Kisanduku Kimegoma: Jinsi ya Kuweka Upya Mfumo Bila Kupoteza Picha za Nyumbani

Leo naomba niwaletee somo ambalo sisi tulilipata kwa jasho, ili ninyi mlipate bure.

Januari iliyopita katika fleti yetu pale Cedar-Riverside tulipata mtihani ambao haukutungwa na profesa yeyote. Tunaishi watu wanne na tuna kisanduku kimoja cha kuhifadhia data, kile ambacho mafundi hukiita NAS. Ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, ndani ina diski mbili, imechomekwa kwenye ruta kwa waya, na kila mmoja anakifikia kutoka kwenye laptopu au simu yake. Humo mlikuwa na picha za harusi, rasimu za tasnifu, na rekodi za sauti ya bibi wa mwenzetu mmoja, alizochukua Tanga kabla bibi hajafariki. Nakala nyingine hakuna. Usiku umeme ukakatika, asubuhi taa ya kisanduku ikawa inawakawaka rangi ya chungwa, na ukurasa wake haufunguki.

Mwenzetu kwa kihoro akachomoa diski moja akaiunganisha na laptopu yake ya Windows. Windows ikamuuliza kama anataka kuifomati. Kidole kilikuwa njiani nikapiga kelele: "Kaka, acha! Usibonyeze hapo!" Sasa basi, nieleze kwa nini.

Nyumba moja, vyumba mbalimbali

Visanduku vingi vya aina hii vinaendeshwa na Linux, na diski zake hupangwa kwa utaratibu wa Linux, kwa kawaida ext4 au Btrfs. Windows yenyewe haisomi utaratibu huo. Ikiona diski kama hiyo inashauri ifomatiwe, wakati humo ndani kila kitu kipo salama salimini. Ukikubali, umejimaliza.

Chukua mfano wa visanduku vya Synology. Kila diski imegawanywa. Sehemu ndogo ya mwanzo, gigabaiti chache tu, ni ya mfumo endeshi, na nakala yake huwekwa kwenye diski zote. Inayofuata ni sehemu ya kusaidia kumbukumbu. Iliyobaki yote ndiyo ghala la data zako. Mfumo ukiharibika, mara nyingi kilichoungua ni jiko, ghala halijaguswa. Kuweka upya mfumo ni kujenga jiko jipya na kuliacha ghala lilivyo.

Kabla hujagusa kitufe

Kwanza, zima kisanduku, kisha andika namba kwenye kila diski kufuatana na nafasi yake, ili zirudi zilipokuwa. Pili, sikiliza. Kama diski inagonga tak-tak-tak au inakwaruza, ugonjwa uko kwenye diski yenyewe. Usiweke mfumo wowote, acha kimezimwa na tafuta fundi wa kuokoa data. Tatu, kama una mafaili yaliyofungwa kwa ufunguo wa siri, hakikisha ufunguo unao. Bila huo ufunguo, hata baada ya kufaulu utabaki unaliangalia kabati usiloweza kulifungua.

Hatua zenyewe

1. Washa kisanduku, kiwe kimeunganishwa na ruta ileile unayotumia kwenye laptopu.
2. Nyuma kuna kitundu chenye kitufe. Kwa kipini cha karatasi, bonyeza kama sekunde 4 mpaka kilie mara moja, kisha achia. Ukiishia hapo, umerudisha tu nenosiri la msimamizi na mipangilio ya mtandao.
3. Ili kuweka upya mfumo, bonyeza tena papo hapo, ndani ya sekunde 10, sekunde 4 nyingine mpaka kilie mara tatu.
4. Kikishawaka tena, fungua find.synology.com kwenye laptopu. Kitaonekana, na utaongozwa kuweka mfumo.
5. Soma kila onyo. Ukiambiwa data zote za diski zitafutwa, simama hapo hapo. Usiendelee mpaka umeelewa kwa nini.

Mafaili yatabaki, lakini majina ya watumiaji na mipangilio itapotea, kwa hiyo utaisuka upya. Visanduku vya kampuni nyingine vina vitufe na hatua tofauti. Soma kitabu chake kwanza. Na angalieni maneno: kuweka upya mfumo ni kitu kimoja, kurudisha kisanduku kama kilivyotoka kiwandani ni kingine, na hiki cha pili mara nyingi kinafuta ghala lote.

Hilo si la kufikirika. Juni 2021 wenye visanduku vya WD My Book Live sehemu mbalimbali duniani waliamka wakakuta vitupu. Wahalifu walipenya kupitia intaneti wakaviamuru virudi hali ya kiwandani. Vilikuwa havijapata masasisho tangu 2015, na Western Digital ikawashauri wateja wavichomoe kwenye intaneti. Kwa hiyo ukishaweka mfumo mpya, ruhusu masasisho, na usifungue mlango wa kisanduku kwa dunia nzima kama huna sababu.

Diski mbili si nakala mbili

Hapa wengi tunajidanganya. Diski mbili zinazoandikwa sawasawa zinakukinga moja ikifa. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutwa kwenye zote mbili sekunde hiyo hiyo. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote. Kanuni ya mafundi ni 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe mahali pengine. Kwetu hapa si kazi ngumu: nunua diski ya nje, nakili, kisha mpelekee binamu yako St. Paul. Kwa treni ya Green Line ni safari ya nauli moja tu.

Na sisi je? Tulirudisha diski mahali pake, tukabonyeza kama nilivyoeleza, tukakaa kimya kama watu wanaosubiri matokeo. Baada ya kama robo saa ukurasa ukafunguka na mafaili yote yapo. Mwenzetu hakusema neno. Alifungua rekodi moja, sauti ya bibi ikajaa sebuleni, anamwuliza mjukuu kama amekula. Jioni ile ile tulikwenda kununua diski ya nje.

Jamani, tahadhari kabla ya hatari. Ukikwama, wasiliana na kamati kabla ya kubonyeza "ndiyo". Tuonane toleo lijalo.