Kutoka Bukavu kwenda Kampala: mtoto aingie darasa gani?

Kila mwaka kuna familia zetu zinazovuka mpaka kwenda Uganda, nyingine kwa kutafuta kazi, nyingine kwa kukimbia vita. Wakishapata nyumba kule Nsambya au Katwe, wanaanza kutafuta shule. Wengi tunauliza kwanza bei. Ni sawa, lakini kuna swali lingine linaloweza kumpotezea mtoto miaka: ataingia darasa gani?

Kwetu mtoto anasoma kwa Kifaransa na anamaliza shule ya msingi katika darasa la sita. Uganda shule ya msingi ni miaka 7, na mjini Kampala masomo ni kwa Kiingereza. Mwisho wa la saba kuna mtihani wa taifa unaoitwa PLE: Kiingereza, hesabu, sayansi na elimu ya jamii, yote kwa Kiingereza. Hata matokeo yanasomwa kinyume na yetu. Sisi tunafurahia asilimia kubwa; kule pointi chache ndizo nzuri: 4 ni bora kabisa, 36 ni za mwisho.

Hapo wazazi wanaweza kuteleza mara mbili.

Kwanza, kukubali mtoto ashushwe sana. Mtoto wa la sita anaulizwa kwa Kiingereza, ananyamaza, anapelekwa la tatu. Ana miaka 12, anakaa na wa miaka 8. Anaona haya, na kesho anakataa kwenda shule. Mama, kutojua Kiingereza si kutojua hesabu. Onyesha buletini yake na uombe apewe mtihani wa hesabu kwenye karatasi. Akishushwa darasa moja kwa ajili ya lugha, kubali, lakini uliza: akifanya vizuri, atapandishwa lini?

Pili, kulazimisha aingie la saba mara moja. PLE inafanyika Novemba, na matokeo yake ndiyo yanayomfungulia sekondari. Aliyefika Septemba hawezi kujifunza lugha kwa miezi miwili. Kurudia la sita kwake si hasara.

Angalia pia kalenda. Kwetu masomo yanaanza Septemba. Uganda mwaka una mihula 3 na unaanza karibu na Februari. Mtoto akifika Septemba anakuta muhula wa mwisho. Mpeleke tu, azoee sikio na apate marafiki; Februari ataanza pamoja na wenzake.

Kabla ya kulipa, tembelea shule na uulize:
- Kuna watoto wengine kutoka Congo?
- Yuko mwalimu anayesikia Kifaransa au Kiswahili?
- Juu ya ada, tutalipa nini tena: chakula, sare, mitihani?

Kwa walio wakimbizi, sheria ya Uganda ya 2006 inampa mtoto haki sawa na mwenyeji katika shule ya msingi. Lakini hata shule ya serikali inaweza kuomba pesa ya chakula na sare, kwa hiyo uliza mapema.

Mizigo ikifungwa, buletini za miaka yote na cheti cha kuzaliwa vikae katika mkoba wa mama mwenyewe, visiwekwe ndani ya masanduku. Na nyumbani, jioni, msome Kifaransa kidogo pamoja. Watoto watacheza kwa Kiganda na kusoma kwa Kiingereza. Siku mkirudi, Kifaransa kitawahitaji tena.