Shujaa wa Kijapani Naye Alivunjika Mguu

Akina mama wenzetu, mchezo huu wengi wetu huusikia kelele zake tu tukiwa jikoni. Mtoto hujifunga kanga ya mama usoni mithili ya kinyago, hupanda ukuta au lundo la matofali, hutaja jina la shujaa wake, kisha huruka ametanguliza mguu. Hapa Kizota tumeuona vichochoroni mara nyingi. Nasi wauguzi huletewa sehemu yake ya pili: mtoto amekishika kiwiko kwa mkono mwingine na hataki kuguswa.

Mashujaa hao asili yao ni Japani. Kamen Rider, yaani Mpanda Pikipiki wa Kinyago, alianza kuonyeshwa huko Aprili 3, 1971. Alibuniwa na mchoraji Shotaro Ishinomori, na mchezo ukatengenezwa na kampuni ya Toei. Mwaka 1975 wakafuata mashujaa watano, kila mmoja na rangi yake. Baadaye Wamarekani walichukua picha za mapigano za kikosi kimojawapo cha aina hiyo, wakachanganya na waigizaji wao, na mwaka 1993 wakatoa Power Rangers. Huyo ndiye watoto wa kwetu waliyemjua zaidi, maana Tanzania Bara televisheni ilianza mwaka 1994.

Mwaka huohuo wa 1994 New Zealand walikiondoa kipindi hicho baada ya wazazi kulalamika. Tunawaelewa wazazi wale. Lakini ukizima ya kwako, mtoto ataona kwa jirani, au kwenye kibanda cha video, au kwenye simu ya mjomba.

Sisi tumeona inafaa zaidi kumweleza mtoto yaliyompata shujaa mwenyewe. Kamen Rider wa kwanza aliigizwa na kijana Hiroshi Fujioka, ambaye mwanzoni alivaa vazi lile na kuendesha pikipiki yeye mwenyewe. Mchezo ukiwa bado mchanga, alianguka na pikipiki wakati wa kupiga picha, akavunjika mguu vibaya. Alilazwa muda mrefu, hata watengenezaji wakalazimika kumtafuta Rider wa pili ili kipindi kisikatike. Mirukio ile nayo hufanywa na watu waliofunzwa, wakirushwa na turubai lenye springi, na chini yametandikwa magodoro. Tulipowasimulia watoto tunaowafundisha Jumapili, mmoja aliuliza kama Rider naye alifungwa P.O.P.!

Hata hivyo wapo watakaoruka. Mtoto akianguka amenyoosha mkono, mara nyingi mfupa huvunjika jirani na kiwiko, mahali ambapo mishipa ya damu na ya fahamu hupita karibu sana. Kwa hiyo, mama, usimchue kwa mafuta, usimkande kwa maji ya moto, wala usikubali mtu auvute mkono “kuurudisha”. Uache ulivyo, uufunge na ubao mwembamba au gazeti lililokunjwa, kisha uutegemeze kwa kanga shingoni. Penye jeraha, funika kwa kitambaa safi. Tazama vidole: vikiwa vya baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, nenda hospitali usiku huohuo. Njiani usimpe uji wala chai, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi.