Barua ya Wakili Ikifika Dukani

Msuka, kaskazini mwa Pemba, barua ya wakili haina siri. Mwenye duka akikabidhiwa asubuhi, kufikia alasiri barazani wanajua nani anamdai nani. Kwa hiyo anakuwa na kesi mbili: ya deni, na ya uso wake mbele za watu. Hiyo ya pili ndiyo inayomtoa mtu tabia yake nje.

Yupo anayewaka: anaichana barua, anampigia simu muuzaji wa jumla na kumtolea maneno. Yupo anayelipa papo hapo hata deni ambalo hesabu zake hazijui, alimradi jina lisitajwe. Mwingine mbio kwa sheha, atafutiwe mzee wa kusuluhisha. Na yupo anayeikunja, akaitia chini ya mzani, akaendelea kupima sukari.

Huyu wa mwisho watu humsifu kwa utulivu. Mimi ndiye ninayemhofia zaidi. Barua ya wakili ni madai tu, si amri, lakini nyuma yake huweza kuja samansi ya mahakama. Asiyejibu wala kuhudhuria, kesi huweza kusikilizwa upande mmoja na hukumu ikatoka yeye yuko dukani. Mkali naye, akishatukana kwa maandishi kwenye simu, amemzawadia mdai ushahidi.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, walitoa kipimo cha namna tano za kukabili mgogoro: kushindana, kushirikiana, kugawana hasara, kukwepa, na kukubali yaishe. Hawakusema ipo iliyo bora siku zote. Inategemea kilicho hatarini.

Kwa Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums nchini Tanzania, kilichokuwa hatarini ni majina ya watumiaji waliomwamini. Polisi waliyataka, akakataa, na Desemba 2016 akakamatwa. Aprili 2020 alitiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi na kutozwa faini ya shilingi milioni 3. Kati ya tarehe hizo mbili kuna asubuhi nyingi za kwenda mahakamani na kurudi na tarehe nyingine. Ushupavu wa namna hiyo hauna kelele, na ndiyo maana si rahisi kumtambua mwenye nao kwa kumtazama akizungumza.

Pemba yenyewe iliuona mapema, kwa upande wa karafuu. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyoundwa 1927, mamlaka ya peke yake ya kununua zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi hawakupigana. Waligoma kufanya biashara hiyo, na India, mnunuzi mkubwa, nayo ikasusia karafuu za Zanzibar. Mapato ya serikali yakayumba, na Mei 1938 yakafikiwa maafikiano: wauzaji nje wakarudi kazini kwa sharti la kununua sehemu ya karafuu zao kutoka kwa Jumuiya.

Sifa za uvumilivu wao ni za haki. Ila mwenye hazina ya kula miezi kadhaa bila kuuza huweza kumudu uvumilivu. Mkulima wa Pemba, ambaye karafuu zake zilikuwa zimeshakauka juu ya majamvi, hakuulizwa tabia yake ni ipi.