Kwa Mkapa goli liko mbali, kisa ni njia ya riadha

Shabiki aliyezoea kukaa Azam Complex, Chamazi, akienda nyuma ya goli kwa Mkapa huona kama mechi imehamia wilaya nyingine. Viwanja vyote viwili viko Temeke, ila ramani zake ni tofauti.

Chamazi ni soka tu. Kwa Mkapa, dimba la watu 60,000 lililoanza kutumika 2007, ni soka na riadha. Njia ya kukimbilia ina mita 400 na kila upande inaishia kwa nusu duara. Mpira unachezwa kwenye mstatili wa mita 105. Kwa vipimo vya kawaida, kutoka mstari wa goli hadi ukingo wa nje wa njia hiyo ni zaidi ya mita 30. Jukwaa linaanzia hapo!

London, kwa Olimpiki ya 2012, baiskeli zilijengewa ukumbi wake: njia ya mbao ya mita 250, kona zimeinuka nyuzi 42, viti 6,000 vikiizunguka kwa karibu. Uwanja mkubwa ukabaki na njia ya riadha. West Ham walihamia hapo 2016, mashabiki wakalalamika kwamba mpira uko mbali.

Kuing'oa njia ya kwa Mkapa siyo dawa. Nchi ya Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, haiwezi kuwafukuza wakimbiaji. Dawa ni kuongeza akina Chamazi.