Goti Liumalo Lisilazwe



Katika nchi yetu ya Ugogo msimu wa mvua ni mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na asiyelima siku hizo hana la kuvuna. Mvua za kwanza zikinyesha, kila mwenye jembe hutoka. Ndipo na malalamiko ya magoti husikiwa katika nyumba nyingi. Mzee hushika ukuta ili ainuke. Mama hutua ndoo njiani mara tatu kabla ya kufika kwake. Na Jumapili wako wasioonekana tena kanisani, kwa kuwa njia ni ndefu. Na wengine waja, lakini huona haya kwa sababu hawawezi kupiga magoti pamoja na wenzao.

Watu husema, "Ni uzee huo, hauna dawa." Wengine hunong'ona kwamba mgonjwa amekanyaga kitu kilichofukiwa njiani na adui. Na karibu wote humpa shauri moja: "Pumzika, usilitumie goti." Twataka kuonyesha leo ya kuwa shauri hilo, ijapokuwa latoka katika moyo mwema, mara nyingi ndilo limalizalo goti. Goti lililochakaa halitaki kulazwa. Lataka kutumiwa kwa kipimo, na kutiwa nguvu.

GOTI LILIVYOUMBWA

Goti ni maungio ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na mbele yake pana kifupa cha mviringo kiitwacho kilegesambwa, ambacho wengine hukiita pia ya goti. Ncha za mifupa zimefunikwa kwa gegedu, kitu cheupe kitelezacho, na ndani mna ute mchache ufanyao kazi kama mafuta katika gurudumu la baiskeli. Kano zenye nguvu huifunga mifupa isiyumbe. Lakini hayo yote hayatoshi. Mlinzi mkuu wa goti ni msuli mkubwa ulio mbele ya paja, ambao hushikamana na kilegesambwa na kuunyosha mguu.

Fikirini nyumba ya tembe. Dari yake ya udongo ni nzito, nayo hubebwa na nguzo. Nguzo zikiliwa na mchwa, uzito hushukia ukuta, na ukuta hupasuka. Fundi mwenye akili haendelei kukandika ufa mwaka baada ya mwaka na kuziacha nguzo zilizooza. Huanza na nguzo. Vivyo hivyo msuli wa paja ukidhoofika, uzito wa mwili huishukia gegedu. Nao si uzito mdogo, kwa maana mtu akitembea katika njia ya sawasawa, goti lake hupata katika kila hatua mzigo wa kadiri ya mara mbili au tatu ya uzito wa mwili wake. Akijitwika ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji, goti hulemewa zaidi.

Tena gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata katika ule ute, na ute huisukumwa ndani na kukamuliwa nje goti linapokunjwa na kukunjuliwa. Basi goti lisilotikiswa ni goti lenye njaa.

MADHARA YA KULILAZA

Sasa tazameni yatokeavyo. Goti lauma, mgonjwa aliogopa, akalilaza. Baada ya majuma machache msuli wa paja hupungua. Akiinuka tena, goti halina mlinzi, nalo huuma zaidi ya kwanza. Naye hulilaza zaidi. Hivyo maumivu huzaa udhaifu, na udhaifu huzaa maumivu, hata mtu aliyekuwa akilima ekari mbili ashindwe kufika kisimani.

Mwenye shaka na achukue uzi. Pimeni upana wa kiganja na nusu juu ya kilegesambwa, mzungushe uzi katika paja la mguu mzima, kisha katika paja la mguu uumao. Mara nyingi mtaona kwamba paja la mguu uumao limekonda. Hakuna adui aliyelikondesha. Ni kukosa kazi.

Labda mtu atasema, "Mkulima hufanya mazoezi kutwa nzima, atafutiwe mengine ya nini?" Swali hili ni la haki. Jibu ni kwamba kazi na mazoezi si kitu kimoja. Alimaye kwa jembe la mkono huinama kiunoni, na miguu yake hukaa karibu kunyoka. Mgongo huchoka, lakini paja halikui. Na aumwaye goti huuhurumia mguu ule pasipo kujua, akiuegemea wenzake. Hivyo aweza kufanya kazi kutwa, na mguu mmoja ukazidi kukonda.

TIBA HII NA ASILI YAKE

Tiba ya mazoezi ya viungo, iitwayo hospitalini fiziotherapia, si jambo la jana. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya mwili mjini Stockholm, katika nchi ya Uswidi. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa kike walianzisha chama mjini London ili kazi ya kukanda na kuponya viungo ifanywe na watu waliofundishwa. Katika nchi yetu, hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971 kwa jitihada za makanisa, nayo imewafundisha wataalamu wa tiba hii ambao leo hufanya kazi mikoani.

Wala si maneno matupu. Katika Marekani wagonjwa 156 wenye magoti yaliyochakaa waligawanywa mafungu mawili: fungu moja walichomwa sindano za dawa ndani ya goti, na fungu la pili walitibiwa na wataalamu wa viungo. Habari zao zilichapishwa mwaka 2020. Baada ya mwaka mzima, wale waliotibiwa viungo walikuwa na maumivu machache, na waliweza kutembea na kufanya kazi zao vema kuliko wale wa sindano.

Hatusemi kwamba gegedu iliyokwisha hurudi kuwa mpya. Haiwi hivyo. Lakini nguzo zikitengenezwa, nyumba yenye ufa hukaliwa miaka mingi.

MAZOEZI MANNE YA NYUMBANI

Haya hayahitaji fedha. Yafaa mgonjwa aonwe kwanza na daktari au mtaalamu wa viungo, ili ajue ugonjwa wake ni upi; kisha ayafanye nyumbani kwa uaminifu.

1. Kukaza paja. Keti juu ya mkeka, mguu umenyoshwa. Kunja kanga, uiweke chini ya goti. Likandamize goti juu ya kanga hata uone msuli wa paja umekaza. Hesabu polepole hata 5, kisha legeza. Fanya mara 10.

2. Kuinua mguu. Lala chali, mguu mzima umekunjwa. Mguu uumao uwe umenyoka. Uinue kadiri ya shubiri moja na nusu, hesabu 5, uushushe polepole. Mara 10.

3. Kunyosha mguu kitini. Keti katika kiti imara. Nyosha mguu mmoja mbele yako hata uwe sawa, hesabu 5, urudishe taratibu. Mara 10 kila mguu.

4. Kuinuka na kuketi. Keti kitini, kunja mikono kifuani, uinuke, kisha uketi polepole pasipo kujitupa. Anza na mara 5. Ukipata nguvu, fika 10. Kiti kikiwa kifupi mno, weka mto juu yake. Asiyeweza bila mikono, ashike meza.

Zaidi ya hayo, tembea kila siku, hata kama ni mwendo mfupi, ukiuongeza kidogo kidogo.

Mgonjwa ataona maumivu kidogo anapoanza, naye asitishwe nayo. Kanuni ni hii: maumivu yanayovumilika, yaliyokwisha kesho yake asubuhi, si madhara. Yakizidi, au goti likivimba, punguza hesabu, lakini usiache. Na mtu asitazamie nafuu baada ya siku tatu. Msuli hukua kama uwele shambani, hauvutwi juu kwa mkono. Fanyeni majuma 6 mpaka 12 kabla ya kusema kwamba tiba imeshindwa. Na baadaye msiyaache kabisa, kwa kuwa nguvu iliyopatikana hupotea isipotumika.

MAMBO YA KUTENGENEZA NYUMBANI

Fimbo. Wazee wetu wa Kigogo hawaendi bila fimbo, lakini wengi huishika upande wa goti bovu. Ishikwe mkono wa upande wa pili. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, nayo iende mbele pamoja na mguu mgonjwa. Hivyo goti hupunguziwa mzigo.

Choo. Kuchutama kwamtesa sana mwenye goti bovu. Seremala aweza kukata tundu katika kiti cha mbao, kikawekwa juu ya shimo. Wazee wengi hupunguza kula na kunywa kwa kuogopa choo tu. Kiti hicho kitawaondolea dhiki kubwa.

Kusaga na kupika. Asagaye kwa jiwe huku amepiga magoti, na awekewe jiwe juu ya kilili, asage akisimama. Na apikaye apewe kigoda kirefu.

Uzito. Walio wanene wapunguze mafuta, sukari, na ugali wa kupita kiasi. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kila kilo moja aliyoipunguza mtu mwilini iliondoa katika goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua.

Dawa. Vidonge vya maumivu vyaweza kusaidia kwa muda. Lakini kununua diklofenaki dukani na kuimeza mwezi hata mwezi huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Na chale zichanjwazo juu ya goti haziufikii msuli wala gegedu. Huacha makovu, na wembe mchafu huleta magonjwa mengine.

Sala. Wako waumini wafikirio kwamba asiyeweza kupiga magoti ni afadhali abaki nyumbani. La, sivyo! Mungu autazama moyo. Mwenye goti bovu na aketi, au asimame, naye asihukumiwe na mtu. Wazee wa kanisa wafanye vema kumwekea benchi karibu na mlango.

DALILI ZA HATARI

Si kila goti ni la mazoezi. Mpelekeni mgonjwa hospitali upesi mwonapo mambo haya: goti limevimba ghafula, ni jekundu na la moto, na mtu ana homa, au ameanguka naye hawezi kukanyaga, au goti hukwama lisikunjuke, au lauma usiku kucha hata akilala kimya, au limevimba polepole kwa miezi huku mwili ukikonda, kwa maana kifua kikuu chaweza kuingia katika goti pia. Na mtoto aumwaye goti au achechemeaye asipewe mazoezi ya kubahatisha hata kidogo. Aonwe na daktari kwanza. Magoti machache yamechakaa hata hayawezi kusaidiwa ila kwa kupasuliwa na kuwekewa maungio mapya. Kazi hiyo hufanywa katika nchi yetu, kama katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Na hao pia, kabla ya kupasuliwa na baada yake, hupewa mazoezi.

NENO KWA WAALIMU

Enyi waalimu, ninyi mwaweza kuujua ugonjwa huu katika daftari la mahudhurio. Bibi akiumwa goti, maji huchotwa na mjukuu. Na mjukuu wa kike akichota maji asubuhi, hufika darasani saa nne, au hafiki. Mkiona jina lake limekosekana mara nyingi, msimwadhibu kwanza. Nendeni nyumbani kwake, mkamwulize bibi hali, kwa heshima, na mkimkuta ameketi siku zote uani, mwonyesheni zoezi la kwanza na la tatu. Kisha mfundisheni mtoto kuhesabu pamoja naye jioni. Mtoto ajuaye kuhesabu hata 10 aweza kuwa msaidizi mwema wa tiba hii, na bibi hatachoka upesi akiwa na wa kuhesabu naye.

Tena kina baba, msiwaache wake zenu na mama zenu wakibeba ndoo kichwani na hali baiskeli imesimama ukutani. Kuleta maji si aibu kwa mwanamume Mkristo. Maandiko yanapotaja magoti yaliyolegea hutuagiza kuyatia nguvu, wala hayatuagizi kuyaacha. Basi jioni hii, baada ya chakula na kabla ya sala, mwulizeni mzee wa nyumba kama goti lake lauma. Kisha kunjeni kanga, mkaanze.