KIDONDA KISICHOPONA: NI CHA KUKATWA AU CHA KUPAKWA DAWA?



Magonjwa ya ngozi hapa kambini ni mengi, na tumeyazoea. Upele, choa, majipu, vidonda vya miguuni: karibu kila nyumba imewahi kuwa navyo. Vingi vinapona kwa dawa ya zahanati. Kwa sababu hiyo mtu mwenye kidonda cha miezi sita hukaa nacho kimya, akidhani kitapona kama vile vingine. Lakini kuna kidonda ambacho hakitapona kwa kupakwa dawa yoyote ya dukani wala ya mitishamba, kwa sababu ni kansa ya ngozi. Ndugu zetu wa Kongo huita kanseri, na hospitalini utasikia saratani. Ugonjwa ni ule ule.

Wagonjwa wengi wanachelewa kwa ajili ya swali moja: "Je, watanikata?" Jibu la kweli ni kwamba mara nyingi ndiyo, kansa ya ngozi hukatwa. Lakini ukija ikiwa ndogo kama punje ya maharage, kinachokatwa ni kidogo, na jioni unalala nyumbani kwako. Ukikaa nayo mwaka mzima, huenda ikahitaji kukatwa sikio, kidole au mguu.

NI NANI AANGALIE NGOZI YAKE?

Wa kwanza ni watu wenye ualbino. (Neno "zeruzeru" linawaumiza, tuliache.) Ngozi yao haina ile rangi inayotukinga na jua, na jua huanza kuiharibu tangu utotoni. Angalia midomo, masikio, pua, shingo na mgongo wa mikono. Mara nyingi huanza gamba kavu, gumu kama msasa, linalobanduka na kurudi pale pale. Hilo bado si kansa, lakini ndiyo njia yake. Mzazi, usingoje liote nyama.

Watu wa pili ni wale wenye kovu kubwa la moto au kidonda cha siku nyingi, hasa mguuni. Mtu aliungua akiwa mtoto, kovu likakaa miaka ishirini au thelathini, kisha likapasuka na kuanza kutoa maji na harufu. Kingo zinavimba, nyama inaota kama ua la koliflawa. Usiseme ni kovu la zamani tu. Kansa inaweza kuota ndani ya kovu la zamani.

Wa tatu ni sisi sote wenye ngozi nyeusi, na hapa watu wengi wanashangaa, maana wamesikia kwamba kansa ya ngozi ni ya Wazungu. Ipo aina iitwayo melanoma. Kwa watu weusi haifuati sana jua, bali huota kwenye unyayo, kiganja, au chini ya ukucha. Huonekana kama doa jeusi linalopanuka, lenye kingo zisizo sawa, au mstari mweusi wa ukucha unaozidi kunenepa. Wengi mnamfahamu mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika. Mwaka 1977 alikutwa na melanoma kwenye kidole gumba cha mguu, chini ya ukucha. Alishauriwa kidole kikatwe, hakukubali, akafanyiwa operesheni ndogo zaidi. Baadaye ugonjwa ulifika hadi kwenye ubongo, na alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba angepona kama angekubali. Tunalojua ni kwamba melanoma hukimbia haraka kuliko kansa nyingine za ngozi, kwa hiyo geuza unyayo wako uutazame ukiwa unanawa miguu.

Ipo pia kansa ya Kaposi, yenye mabaka au vinundu vya zambarau, ambayo huwapata zaidi watu wenye virusi vya UKIMWI. Hii haianzi kutibiwa kwa kisu. Dawa za kupunguza makali ya virusi ndizo msingi, na wengine huongezewa dawa za kansa kwa njia ya mshipa.

KIPANDE CHA MAABARA

Kwa macho matupu hata daktari mzoefu anaweza kudanganyika. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchoma sindano ya ganzi na kukata kipande kidogo cha nyama, ambacho hupelekwa maabara kuangaliwa kwa darubini. Kuna maneno yanayosemwa kambini kwamba "kansa ikiguswa na chuma inasambaa". Si kweli. Inasambaa kwa sababu imeachwa. Bila kipande hicho mtu hutibiwa kwa kubahatisha.

MATIBABU YA KUKATA

Kwa kansa iliyo ndogo, daktari anatia ganzi mahali penyewe, wewe uko macho, anakata uvimbe pamoja na ukingo wa ngozi nzima kuuzunguka, kisha anashona. Ukingo huo mzima una sababu yake: kansa ina mizizi isiyoonekana, na ikibaki itaota tena. Usimlaumu daktari kwamba amekata zaidi ya kidonda.

Pengo likiwa kubwa na ngozi haifikii kushonwa, huchukuliwa ngozi nyembamba, mara nyingi pajani, na kupandikizwa pale. Hapo utalazwa, na utakuwa na vidonda viwili vya kutunza. Ikiwa kansa imeingia kwenye mfupa, ndipo daktari huzungumza habari ya kukata kidole au mguu. Pia atapapasa matezi ya kinenani, kwapani au shingoni. Yakiwa yamevimba na kuwa magumu, huenda nayo yakatolewa.

MATIBABU BILA KISU

Haya yapo, lakini kwa ugonjwa wa mapema au kwa mahali pasipokatika. Yale magamba makavu ya watu wenye ualbino yanaweza kugandishwa kwa naitrojeni, hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji ya baridi kali mno. Inapulizwa kwa sekunde chache, inauma kama kuchomwa na moto, panatoka lengelenge, kisha gamba linakauka na kuanguka. Hospitali zenye kitengo cha ngozi ndizo zenye kifaa hicho.

Njia nyingine ni dawa ya kupaka iitwayo fluorourasili. Hupakwa kwa wiki tatu au nne kama utakavyoelekezwa. Ngozi itakuwa nyekundu, itawasha, itatoka ukoko. Wengi huitupa hapo wakisema imewaunguza, na kumbe ndiyo inafanya kazi yake. Ikizidi sana rudi kwa daktari kabla ya kuiacha. Mama mjamzito asiitumie.

Tiba ya mionzi hutumika pale ambapo kansa haiwezi kukatwa yote, au baada ya operesheni ili kuua mabaki. Unalala chini ya mashine dakika chache, huhisi maumivu, lakini huchukua siku nyingi, mara nyingi wiki kadhaa. Kwa Tanzania hutolewa Hospitali ya Bugando, Mwanza, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992, na huko Moshi hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia zahanati kama yamefika. Hata ukiyapata, kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu bado ni vya lazima. Siku ya mgao, mwenye ualbino asisimame foleni juani. Mkubaliane na kiongozi wa blandi yenu akae kivulini mpaka zamu yake ifike.

YASIYO KANSA

Msiogope kila kipele. Upele unaowasha usiku, katikati ya vidole na kiunoni, ni wa wadudu. Hutibiwa nyumba nzima siku moja, hata asiyejikuna, kuanzia shingoni hadi nyayoni, na nguo na mablanketi hufuliwa na kuanikwa juani. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki mbili au zaidi hata wadudu wakiwa wamekufa, kwa hiyo usirudie dawa kila siku. Choa, lile duara lenye magamba, hutaka dawa ya fangasi. Ukipaka krimu zile za kung'arisha, yaani mkorogo, kuwasha kutatulia siku mbili na choa itatambaa mwili mzima, maana nyingi zina dawa kali inayolegeza kinga ya ngozi. Baka lisilohisi kuguswa wala joto linaweza kuwa ukoma, ambao hutibika kwa vidonge na dawa yake hailipiwi.

Jipu hupasuliwa zahanati. Usilikamue, na kidonda chochote usikitie maji ya betri, tindikali wala wembe. Tindikali inachoma ngozi ya juu tu, na kansa inaendelea chini yake bila kuonekana.

UNAPOANZIA

Kidonda kilichopita wiki nne bila kupona, doa linalobadilika, au gamba linalorudi: nenda zahanati ya eneo lako uombe kiandikwe kwenye kadi yako, pamoja na tarehe ulipokiona mara ya kwanza. Kutoka hapo ni hospitali ya kambi, na daktari akiona haja atajaza fomu ya rufaa. Kibali cha kutoka kambini hufuata fomu hiyo, usisafiri bila hicho. Rufaa hainunuliwi, mtu akikudai fedha, toa taarifa ofisi ya ulinzi. Na kama una ualbino au mtoto wako anao, na unahofia safari, sema mapema ili msindikizwe.

Baada ya operesheni, nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku tano hadi saba, za mguuni karibu wiki mbili. Weka bandeji kavu, na kama ni mguuni usichote maji wala kubeba kuni mpaka uruhusiwe, majirani wasaidie. Rudi kuchukua majibu ya maabara, hata kama kidonda kimefunga vizuri, kwa sababu majibu ndiyo yatasema kama ukingo uliokatwa ulikuwa mzima au lazima kukatwa tena. Omba nakala ya karatasi hiyo uiweke pamoja na kadi ya mgao. Ukihamishiwa kambi nyingine au ukirudi nyumbani, daktari wa huko ataihitaji kabla hajakugusa.