Ushauri wa Masomo kwa Wanafunzi wa Sosholojia: Kanuni Ambazo Chuo Kikuu Hakizitamki

Ushauri wa masomo, kwa maana inayotumika vyuoni, ni kazi ambayo kwayo mhadhiri aliyepangiwa kundi la wanafunzi huwasaidia kuelewa muundo wa programu yao, kuchagua kozi, kufuatilia matokeo yao na kuyahusisha masomo na maisha wanayoyakusudia baada ya kuhitimu. Kazi hiyo ni tofauti na ile ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambayo hushughulikia malazi, nidhamu na ustawi wa jumla, na ni tofauti pia na unasihi, yaani huduma ya kitaalamu kwa mtu aliyelemewa na msongo, msiba au maradhi ya akili, ingawa mlango wa mshauri wa masomo mara nyingi ndio wa kwanza kupigwa hodi na mwanafunzi mwenye shida yoyote kati ya hizo. Kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ya sosholojia, taaluma inayochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, wanavyogawana mali na madaraka, na jinsi taasisi zinavyowaumba, ushauri huo una uzito wa pekee, kwa kuwa nadharia wanazofundishwa darasani ndizo zinazoeleza kwa nini baadhi yao hufika mwisho wa masomo na wengine huishia njiani.

Haja ya kuwa na mshauri ilitokana na uhuru wa kuchagua. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, chini ya uongozi wa Charles Eliot kuanzia 1869 hadi 1909, mtaala mmoja uliowalazimu wote ulilegezwa na kozi za hiari zikachukua nafasi yake, na mara wanafunzi walipoanza kujichagulia ilionekana kwamba kijana asiye na mtu wa kumwongoza aliweza kukusanya kozi nyingi zisizojenga elimu yoyote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina historia nyingine: kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kikasimama peke yake mwaka 1970. Katika jamii ndogo ya namna ile mhadhiri aliweza kuwajua wanafunzi wake kwa majina, na ushauri ulifanyika bila kupewa jina. Leo, Mlimani, kampasi kuu ya chuo hicho, na katika vyuo vingine vya Tanzania, kozi ya utangulizi wa sosholojia huweza kujaza ukumbi mkubwa wa mihadhara, na kile kilichokuwa kikitokea chenyewe sasa hakitokei kama hakikupangwa.

Mwanafunzi anayeketi katika ukumbi huo mara nyingi ametoka kidato cha sita akiwa na tahasusi ya HKL, HGL au HGE, yaani Historia pamoja na masomo mawili kati ya Kiswahili, Kiingereza, Jiografia na Uchumi, na sosholojia hakuwahi kuisoma shuleni kama somo linalojitegemea. Wengine waliichagua kwa kuipenda, wengine waliiweka katika orodha ya maombi kwa sababu alama zao hazikutosha kwa sheria au uchumi. Shuleni alizoea mwalimu anayempa ajuayo, mtihani wa taifa unaofuata muhtasari uliochapishwa, na jibu moja lililo sahihi. Chuoni anakutana na waasisi wa taaluma hiyo, Karl Marx, Max Weber na Émile Durkheim, wakipingana kuhusu jamii ileile, kwa Kiingereza kizito, na anaulizwa yeye ana hoja gani. Jambo la kawaida kwake ni kukimbilia desa, yaani maandishi yaliyofupishwa na kurudufiwa na waliomtangulia, ambayo humwezesha kuvuka jaribio la kwanza bila kufungua kitabu hata kimoja. Mshauri mwema hamkemei kwa hilo. Humwonyesha namna ya kusoma sura moja ya Durkheim kwa jioni mbili, humfundisha kuandika hoja kuu ya kila sehemu kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa Kiswahili kwanza, kisha kurudi kwenye Kiingereza akiwa tayari ameielewa.

Baada ya usomaji inafuata hesabu, na hapa ndipo kutojua kunapoumiza zaidi. Kwa taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza ya miaka mitatu hudai angalau krediti 360, sawa na 120 kwa mwaka. Krediti ni kipimo cha kazi: moja huwakilisha saa 10 za kujifunza, zikiwamo mihadhara, semina, usomaji binafsi, kazi za nyumbani na maandalizi ya mtihani. Kwa hiyo muhula wenye krediti 60 ni ahadi ya saa 600, ambazo zikigawanywa kwa wiki 15 hutoa saa 40 kila wiki. Ratiba iliyobandikwa ukutani huonyesha sehemu ndogo tu ya saa hizo, na mwanafunzi anayeiona huamini kwamba ana siku mbili nzima za mapumziko, ilhali siku hizo ni za kazi ambayo hakuna mtu atakayemwita kuifanya.

Hesabu ya GPA, yaani wastani wa alama unaozingatia uzito wa krediti, ni kali kuliko inavyodhaniwa. A hupewa pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2 na D pointi 1. GPA ya 4.4 na kuendelea huleta Daraja la Kwanza, 3.5 hadi 4.3 Daraja la Pili la Juu, 2.7 hadi 3.4 Daraja la Pili la Chini, na 2.0 hadi 2.6 ufaulu wa kawaida. Achukuliwe mwanafunzi anayemaliza mwaka wa kwanza na GPA ya 2.6 huku akitamani kufikia 3.5, mwanzo wa Daraja la Pili la Juu. Katika krediti 240 zilizobaki atahitaji wastani wa 3.95, sawa na kupata B+ karibu katika kila kozi, jambo gumu lakini linalowezekana. Kama atabaki na 2.6 hadi mwisho wa mwaka wa pili, mwaka wa tatu utamtaka apate wastani wa 5.3, na alama ya namna hiyo haipo. Wanafunzi wengi hufika kwa mshauri wakati huo, wakiwa na nia njema na bidii mpya, na mlango ukiwa umekwisha kufungwa na hesabu yenyewe. Ni jambo la kusikitisha hasa kwa sababu lingeweza kuelezwa kwa dakika kumi mwanzoni.

Lugha ya wanafunzi ina istilahi zake kwa yanayompata anayeshindwa: sapu ni mtihani wa marudio kwa aliyeshindwa, keri ni kozi inayobebwa kuingia mwaka unaofuata, na disko ni kuondolewa masomoni. Maneno haya husambaa haraka kuliko kanuni zenyewe, na mara nyingi husambaa yakiwa na makosa, kwa kuwa kila chuo kina kanuni zake kuhusu idadi ya kozi zinazoweza kurudiwa. Wajibu wa mshauri ni kuwa na kanuni za chuo chake mkononi na kuzisoma pamoja na mwanafunzi, kifungu kwa kifungu, hasa kwa kuwa kurudia mwaka huweza pia kukatiza mkopo wa Bodi ya Mikopo, na kwa familia nyingi bumu, kama fedha hizo za kujikimu zinavyoitwa vyuoni, ndiyo tofauti kati ya kula na kutokula.

Kozi inayowazalisha watu wa sapu katika sosholojia mara nyingi ni takwimu. Mwanafunzi wa HKL aliachana na hisabati kidato cha nne, pengine kwa furaha, naye hushtuka kugundua kwamba sosholojia inamtaka aelewe sampuli, wastani, mkengeuko na vipimo vya uhusiano kati ya vigeu, kisha aviendeshe katika programu ya SPSS. Desturi ya kuisukuma kozi hiyo mbele hadi isiweze kukwepeka ni hasara mara mbili, kwa sababu tasnifu ya mwaka wa mwisho, ambayo ni utafiti wa mwanafunzi mwenyewe, husimama juu ya mbinu hizo. Mshauri anayejua kazi yake huupanga mwaka wa pili kwa kuuzungukia mlolongo huo: mbinu za utafiti kwanza, takwimu ikifuatana nazo, kisha kozi za hiari, ziwe za sosholojia ya afya, ya miji, ya familia au ya jinsia, zikichaguliwa kwa kuangalia swali ambalo mwanafunzi atalitafiti, na si kwa kufuata sifa za mhadhiri anayesemekana kutoa alama nyingi.

Sosholojia yenyewe imetafakari kwa kina kwa nini baadhi ya wanafunzi hufika mwisho na wengine huishia njiani. Mwaka 1897 Durkheim alionyesha kwamba viwango vya kujiua, tendo linaloonekana kuwa la mtu binafsi kabisa, hutofautiana kulingana na jinsi watu walivyofungamana na jamii zao. Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani Vincent Tinto alilichukua wazo hilo na kueleza kuacha chuo: mwanafunzi huondoka pale anapokosa kufungamana na maisha ya kitaaluma, yaani wahadhiri na kazi za masomo, au na maisha ya kijamii ya chuo. Nchini Ufaransa, wanasosholojia Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron walikwisha kudai mwaka 1964 kwamba watoto wa matabaka ya juu huingia chuoni wakiwa wamerithi mtaji wa kiutamaduni, kwa maana ya lugha, mazoea na ujasiri ambao chuo huuthamini bila kuufundisha, kisha chuo huuita urithi huo kipaji. Kijana ambaye mama yake ni mhadhiri anajua kwamba inaruhusiwa kubisha hodi ofisini na kuomba ufafanuzi wa alama. Kijana wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu huogopa kwamba ataonekana mjuvi. Kazi ya mshauri ni kuyasema hadharani yale ambayo mtoto wa mhadhiri aliyapata nyumbani.

Hata hivyo, fikra za Tinto zilipingwa kwa haki. Mtafiti wa elimu William Tierney aliandika mwaka 1992 kwamba mfumo wake ulimtaka mwanafunzi kutoka jamii za pembezoni aache utamaduni wake ili akubalike chuoni, kana kwamba mzigo wote wa kubadilika ni wake. Onyo hilo linahusu pia Afrika Mashariki, ambako mwanafunzi hutumwa msibani kuwakilisha ukoo, hutuma nyumbani sehemu ya fedha zake na hulea wadogo zake kwa simu. Mshauri anayeyaona hayo yote kuwa vikwazo vya masomo atampoteza mwanafunzi aliyekuja kwake kwa imani.

Onyo jingine ni zito zaidi, na linawahusu washauri moja kwa moja. Mwanasosholojia Burton Clark, katika utafiti alioutoa mwaka 1960 kuhusu vyuo vya miaka miwili vya Marekani, alieleza jinsi wanasihi walivyowapoza wanafunzi wenye alama ndogo, wakiwaelekeza taratibu na kwa upole kwenye programu za chini hadi wenyewe wakaamini kwamba ndoto yao haikuwa saizi yao. Aaron Cicourel na John Kitsuse walionyesha mwaka 1963 kwamba maamuzi ya washauri wa shule ya sekondari yalichangia kuamua nani aelekezwe kwenye masomo ya chuo. Ushauri, kwa hiyo, ni madaraka. Anayemwambia msichana kutoka shule ya kata kwamba uzamili si wa watu kama yeye anashiriki katika kupanga matabaka, hata kama amesema hivyo kwa huruma, na idara ya sosholojia ndiyo yenye udhuru mdogo kuliko zote wa kutolijua hilo.

Mwanasosholojia C. Wright Mills alitenganisha mwaka 1959 kati ya tabu za mtu binafsi na masuala ya umma, na tofauti hiyo ni chombo bora cha kazi ya ushauri. Mwanafunzi mmoja akishindwa takwimu, mshauri azungumze naye. Darasa kubwa likishindwa mwaka hadi mwaka, mazungumzo yawe na idara kuhusu namna kozi inavyofundishwa. Washauri wanaoandika kwa ufupi, bila majina, matatizo wanayoletewa, huipatia idara taarifa ambazo dodoso lolote lisingezipata.

Suala la ajira hujitokeza katika karibu kila kikao. Sosholojia haina kazi moja yenye jina lake, lakini matangazo ya serikali kwa nafasi ya Afisa Maendeleo ya Jamii huitaja miongoni mwa shahada zinazokubalika, na mashirika ya afya, utafiti na maendeleo huhitaji watu wanaojua kuhoji kaya, kuandaa dodoso na kuandika ripoti inayoeleweka. Mafunzo kwa vitendo, au fildi, yakipangwa mapema katika halmashauri au taasisi inayohusiana na mada ya tasnifu, humpa mwanafunzi data, uzoefu na mtu wa kumshuhudia. Yakiachwa hadi wiki ya mwisho huwa ni kutafuta muhuri tu.

Yote haya yanahitaji muda, na muda wa mhadhiri hupimwa kwa machapisho na vipindi vya kufundisha, huku saa za ushauri zikihesabiwa kidogo sana anapopandishwa cheo. Ni dhuluma kwa wahadhiri wanaoifanya kazi hii kwa moyo, na ni dhuluma kubwa zaidi kwa wanafunzi waliopangiwa mshauri ambaye jina lake wameliona kwenye karatasi tu. Idara isiyo na fedha za nyongeza inaweza kuanza na hatua moja: kikao cha lazima, cha ana kwa ana, katika wiki tatu za mwanzo za muhula wa pili wa mwaka wa kwanza, kwa kila mwanafunzi ambaye GPA yake haijafika 2.7, akiwa na matokeo yake mkononi, orodha ya kozi zilizobaki na karatasi ya kukokotoa alama anazohitaji, wakati ambapo krediti 300 kati ya 360 bado hazijaguswa.